Miguu Halina

Mwezi wa pili nilikuja na pesa za kabureta.
Nilitaka mngurumo, sitaficha,
ule wa kutikisa vioo vya maduka Barabara ya Kirinyaga.
Nzioki hakugusa boneti.
Aliweka kiganja juu ya pembe ya nyuma,
akaisukuma chini, akaiachia,
na Falkoni langu likapanda, likashuka, likapanda, likashuka,
kama mtu anayekubali kila analoambiwa.
"Umehesabu? Mara nne na nusu.
Nguvu linazo, mama. Miguu halina."

Nilijua.
Nilijua tangu Desemba, kwenye baipasi ya kusini,
pale upepo unapotoka mbugani bila ukuta wa kuuzuia:
maili themanini (kipimo chake ni cha kizamani),
pua ikaanza kunusa njia ya jirani,
usukani ukawa mwepesi, haushiki kitu,
na mimi, mhasibu mzima, miaka hamsini na mbili,
gari limenizidi mmoja tu,
nikamwita mama yangu aliye kaburini Wundanyi.
Nyumbani nilisema ni upepo.

Siku tisa lilikaa juu ya vigogo, Kariobangi.
Kamani za nyuma zilitoka zimelala chali;
zilizaliwa pinde, zimezeeka vijiko.
Bushi za mpira zilimeguka mkononi,
mandazi ya juzi.
Akatia ngumu, nyekundu.
Akatia springi za mbele fupi, nene,
nondo ya kukaza kiuno lisilale kwenye kona,
na shokomzoba nne za manjano
ambazo bei yake sijamwambia hata dada yangu Wakesho.

Kijana wake, Makhanu, alipima magurudumu kwa uzi wa mshipi,
kutoka msumari hadi msumari,
ulimi nje, jicho moja limefumbwa.
Nyuzi tatu, akasema, mguu ulale nyuma nyuzi tatu.
Nikamwuliza kwa nini.
"Hujasukuma kitoroli cha supamaketi?
Gurudumu lake linaburutwa nyuma ya ekseli,
ndiyo maana linafuata.
Likitangulia, linakuzungusha."
Nimesukuma vitoroli miaka thelathini.
Sikuwahi kuwatazama miguu.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, baipasi tupu,
Nzioki kando yangu, mkanda umemkaba shingo.
Upepo ulikuja palepale, wa kulia, mnene.
Gari likaupokea begani
likaendelea na safari zake.
Usukani sasa ulikuwa na uzito wa mkono wa mtu.
Nikacheka. Nikaimba kidogo, wimbo wa kanisani, vibaya.

"Sasa ndiyo uogope," akasema.
"Kwa nini?"
"Zamani lilikuwa mbea. Ukizidisha, linakusema.
Leo limejifunza kunyamaza."
Akaelekeza kidole kwenye mshale.
Mia moja na tano.
Mimi nilidhani sabini.

Niliondoa mguu polepole,
kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto.

Turudi Kariobangi, basi.
Njiani nilinunua trei ya mayai, nikaiweka kiti cha nyuma,
na tuta la kwanza likanisomea uti wa mgongo pingili kwa pingili.
La pili likarudia somo.
Mashimo niliyoyapita miaka mingi bila salamu
sasa yote yalijitambulisha kwa majina.
"Ulitaka litulie," Nzioki akasema, amejishika kiuno.
"Hukusema unataka mto."

Kumi na moja yalipasuka.
Makhanu aliyakaanga kwenye mfuniko wa bati, juu ya jiko la gesi,
tukala tumesimama, vidole vinanuka grisi.
Nzioki akaenda tena kwenye ile pembe ya nyuma,
kiganja chini, akaachia.
Likapanda. Likakaa.

Katika pesa za kabureta zilibaki mia mbili na kitu.
Nilimtuma kijana mkate.